Kisima cha Maparoni na Waliokwenda Mwezini

Siku mliyoniaga, vijana wa idara, mliniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu milipuko ya kipindupindu niliyopambana nayo huku delta ya Rufiji. Nadhani mlitaka vipimo, klorini kiasi gani kwa kisima cha upana gani. Hayo yamo vitabuni mwenu, na vitabu vyenu ni vizuri kuliko vyangu. Mimi nitaandika kuhusu mwezi. Najua mmoja wenu, yule apendaye kutikisa kichwa, ameshatikisa. Lakini ni ninyi mlionilalamikia kwamba watu wa siku hizi wanaamini kila kinachopita kwenye simu, mkasema sisi tulifanya kazi kwa raha kwa kuwa watu wa zamani walikuwa wakisikiliza serikali. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani, na mke wangu akaniuliza kama keki mliyoniagia ilikuwa na kitu.

Nilifika Kibiti nikitokea Njombe, kijana mwenye sweta. Wilaya ilikuwa bado moja na Rufiji, na mimi nilikuwa sijawahi kuona maji yanayopanda na kushuka kwa saa zake. Sweta nililivua hapo stendi na sikulivaa tena maishani. Aliyenipokea ni Mzee Mbonde, bwana afya wa tarafa, Mndengereko mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka kwenye choo cha soko, akaniambia niingie ninuse. Nilipotoka akaniuliza nimenusa nini, nikajibu choo. Akasema bwana afya asiyeweza kutofautisha choo kilichomwagiwa dawa na choo ambacho mwenye nacho anasema kimemwagiwa dawa, heri arudi kwao akalime viazi. Nikarudi ndani kunusa tena.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na ndoo ya bati yenye mstari wa rangi kwa ndani, kamba yenye mafundo ya kupimia kina cha kisima, na kasia fupi la kukorogea ambalo Mzee Mbonde alilichonga mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine kuliegemea. Unga wa klorini ulikaa kwenye kopo la mfuniko mgumu. Tulikuwa pia na kichupa cha matone: ukitia tone kwenye maji yenye dawa, yanageuka manjano. Nakipenda kile kichupa mpaka leo. Ndicho kitu pekee serikalini nilichowahi kukiuliza swali kikanijibu hapohapo.

Safari yetu ya kwanza ya Maparoni, ndani kabisa ya delta, tukiwa tunasubiri boti pale Nyamisati, Mzee Mbonde alinishika mkono akaniambia kuna neno moja sitalitamka huko tuendako. Neno lenyewe ni "haina madhara". Miaka ya nyuma, kaa walikuwa wakiyamaliza machipukizi ya mpunga huko deltani, na akaja mtaalamu na unga mweupe, akawaambia wakulima waunyunyize mashambani, kwamba hauna madhara. Kaa walikufa kweli. Samaki nao wakaelea, bata wakafa, na waliookota wale samaki wakala waliumwa matumbo. Mtaalamu hakurudi. Miaka ilikuwa imepita, lakini watu wa Maparoni walikuwa bado wanakumbuka hata rangi ya shati lake.

"Na sisi tunawaendea na unga mweupe," Mzee Mbonde akaniambia. "Wakikuuliza, anza na ubaya wake. Uzuri utafuata."

Nilimuuliza kama hatutawatisha. Alisema tutawatisha, naam, na mtu aliyetishika huuliza maswali, ambayo ndiyo kazi yetu kuyajibu. Sikumwelewa sana. Nilikuwa nimesoma cheti changu kwa alama nzuri na nilidhani kazi yetu ni kuelimisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilibahatika kuwapo katika kijiji kimoja cha Maparoni mwisho wa Ramadhani. Jina la kijiji sitalitaja, maana wahusika wana watoto wanaosoma. Palikuwa na Maalim Kassim, mwalimu wa chuo cha Kurani na mkulima wa mpunga, aliyenipita umri kidogo tu, mtu wa hasira za karibu. Kazi yake nyingine ilikuwa kuwahoji mashahidi wa mwezi. Vijana wawili walikuja mbio wakisema wameuona umeandama. Kila mtu alitaka iwe kweli, maana watoto walishaanza kushangilia na kuku walishafungwa miguu. Maalim aliwatenga, mmoja akamweka nje, akaanza na wa pili. Jua lilitulia juu ya mikoko gani? Mwezi ulikuwa kulia au kushoto kwake? Pembe zilitazama wapi? Huyu akajibu kwamba pembe zilitazama jua. Maalim akamwambia aende nyumbani akafunge tena kesho, yeye na wenziwe wote, kwa sababu tumbo la mwezi ndilo huelekea jua, na pembe huwa upande wa pili. Watu walinung'unika mpaka alfajiri. Lakini walifunga, na mimi Mkristo wa Njombe niliyekuwa nimeshaahidiwa pilau nikala muhogo.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mnaijua kwa kusimuliwa. Mitumba ikajaa Kibiti, maduka ya dawa yakaota kila kona, mengine yakiendeshwa na watu waliokuwa wakiuza mafuta ya taa wiki iliyotangulia. Magazeti ambayo hatukuwahi kuyasikia yakawa yanashushwa kwenye mabasi, kila moja na ukweli wake. Serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, na Mzee Mbonde akapunguzwa. Alinikabidhi kasia mlangoni pa ofisi, akaniambia nisiliegemee, akaenda shambani kwake Mahege. Niliumia kuliko alivyoumia yeye. Tarafa nzima yenye delta ikabaki na mimi, na muuguzi mmoja wa kambi za dharura, Nesi Anastazia kutoka Songea, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

Ruksa ndiyo iliyomleta pia Saidi. Alikuwa mzaliwa wa kijiji kilekile cha Maparoni, akafanya kazi Dar es Salaam kwenye meli za mizigo, akarudi na televisheni, deki ya video na jenereta. Akajenga banda la makuti, na kwa kuwa kanda zilikuwa za Kiingereza, akasimama pembeni ya televisheni kutafsiri. Nilimsikiliza siku moja mchana. Wazungu wakizungumza kwa kirefu, Saidi alisema neno moja, na wakisema neno moja, Saidi alieleza hadi ndugu zao. Alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima. Kijiji kizima kilikuwa kinaona dunia kupitia mdomo wake.

Kanda iliyoleta balaa ilionyesha watu wenye mavazi meupe wakirukaruka ndani ya chumba kikubwa chenye mataa, huku wengine wakiwapiga picha. Saidi aliwatafsiria kwamba hivi ndivyo Wamarekani walivyotengeneza safari ya mwezini, kwamba hakuna aliyefika, na dunia nzima imekubali uongo. Nilikaa mpaka mwisho, nikaona majina ya waigizaji yakipanda, kila mmoja na nafasi aliyocheza. Nikamwambia Saidi kwamba ule ni mchezo wa kuigiza. Akanijibu kwamba hata harusi huwa na majina ya waliohudhuria. Tumebishana juu ya mwezi tangu siku ile, na mpaka leo tukikutana sokoni Kibiti tunaanzia tulipoishia.

Masika moja maji yakafurika, vyoo vikachanganyika na visima, na kipindupindu kikaingia kijijini kwa Saidi. Habari ilitufikia baada ya watu kufa. Tulipakia dripu, vitanda vya turubai na kopo la klorini, tukaenda. Nesi Anastazia alifungua kambi kwenye darasa la shule. Mimi nikaenda kisimani, kwa sababu kijiji kile kilikuwa na kisima kimoja tu cha maji baridi. Mengine yote ni chumvi. Wote walioumwa walikunywa pale, na wazima nao wangekunywa palepale jioni.

Nilikuta watu wamekizunguka. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wanaume kwa mbele, wengine na mapanga waliyotoka nayo shamba, na Saidi kati yao. Nilimsalimu. Akaitikia, kisha akaniambia unga wangu hautaingia mle. Nilimwona macho yake na nikajua kuna jambo. Nesi akanifuata akaninong'oneza: Bi Tatu, mama yake Saidi, anaharisha tangu alfajiri, amelala ndani ya nyumba ile pale mbele ya kisima, na Saidi amemzuia yeye mlangoni asimguse. Bi Tatu alikuwa mjane na Saidi ndiye mwanawe pekee. Nesi alimwona kwa mbali tu, macho yameshaingia ndani. Akisubirishwa hadi jioni, alisema, hatutamuwahi.

Basi mambo yalikuwa mawili lakini ni moja. Wakiukataa unga wangu, hawatakubali dripu. Na aliyekuwa akikataa ndiye mwenye mgonjwa.

Saidi aliwageukia watu na hakuanza na kisima. Alianza na mwezi. Alisema wakubwa walioweza kuidanganya dunia nzima kwamba mtu ametembea juu ya mwezi, watashindwaje kuwadanganya watu wa Maparoni kwa kopo moja? Akawakumbusha ya kwenye kanda. Bendera inapepea, na mwezini hakuna upepo. Mbingu ni nyeusi na haina nyota hata moja. Unyayo umekaa umechongeka vizuri, na hapo ndipo wazee walipoguna, kwa sababu watu wa delta wanaujua unyayo. Tope linashika unyayo. Mchanga mkavu unabomoka hapohapo. Mwezini hakuna maji, sasa unyayo ule umeshikwa na nini?

Mnaweza kuniuliza kwa nini nilikubali kubishana juu ya mwezi huku mtu anaisha ndani ya nyumba. Mngeona mapanga yale msingeuliza. Ile ndiyo njia pekee niliyofunguliwa, nikapita.

Nilianza na nyota. Niliwauliza kama wamewahi kukaa ndani ya mwanga wa karabai, ile taa ya pampu, kisha wakatazama juu. Nyota zipo, lakini jicho lililozoea mwanga mkali halizioni, na kamera ni jicho. Pale mwezini jua linaangaza ardhi yote. Wachache waliafiki, maana jambo hilo kila mvuvi wa taa analijua. Bendera nikasema ilitiwa fimbo kwa juu kama pazia la mlangoni, isianguke, na yale mawimbi yake ni makunyanzi ya kukunjwa safarini. Nikaongeza kwamba hilo nimelisoma, sikuliona. Unyayo nikaujibu kwa kopo. Nilifungua mfuniko, nikabonyeza kidole gumba kwenye unga mkavu, nikautoa. Alama ilibaki na mistari yote ya kidole. Maalim Kassim, aliyekuwa amesimama pembeni, alikuja akabonyeza cha kwake, akanusa, akakunja uso, akarudi alipokuwa.

La mwisho nililowaambia ni la Warusi. Walikuwa mahasimu wa Marekani na walikuwa na mitambo ya kusikiliza angani. Wamarekani wangedanganya, Warusi wangenyamaza? Hapo watu walicheka kidogo. Vyama vingi vilikuwa vimeingia karibuni, na kila mtu alijua wapinzani hawakosi la kusema hata mvua ikinyesha kwa wakati wake.

Nilidhani nimeshinda. Saidi alingoja kicheko kiishe.

"Sawa, bwana afya," akasema. "Tufanye walikwenda. Wewe uliwaona?"

Nikasema sikuwaona. Nilikuwa mtoto wa shule, mwalimu wetu aliweka redio dirishani, tukasikia.

"Basi mie na wewe wote tumehadithiwa. Na yule wa unga wa kaa naye alihadithiwa na wakubwa zake, akaja akatuhadithia siye, samaki wakafa. Wewe unga wako, umehadithiwa na nani?"

Na ninyi vijana naomba mlitazame swali lile vizuri, kwa sababu halikuwa swali la mjinga. Nilitafuta jibu nikaona nililonalo ni lilelile, kwamba nimefundishwa chuoni.

Ndipo Saidi akaagiza samaki, perege mmoja. Akachukua ndoo yangu mwenyewe, akateka nayo maji ya kisima, na mtu mmoja akaja na perege mzima kutoka kwenye jaruba la mpunga. Akaniambia nitie unga ndani ya ndoo kama nitakavyotia kisimani. Perege akiishi, kisima changu. Akifa, nipande boti yangu.

Nesi Anastazia alikuwa nyuma ya bega langu. Aliinama kama anayepokea kamba, akaniambia kwa sauti ya chini: "Tia chembe tu. Hawajui kipimo. Perege hafi, tunamchukua mama."

Alisema kweli. Chembe ingeyeyuka na samaki angeogelea mbele ya kijiji kizima, na Bi Tatu angekuwa kwenye dripu mara moja. Nilitamani sana kufanya vile. Lakini nilimtazama yule perege, nikamwona mwenzake wa kesho. Kisima nitakitia dawa kamili, na kesho watu hawa hawa wangetumbukiza perege wao kisimani bila kunialika. Angeelea tumbo juu. Na kutoka siku hiyo hakuna bwana afya ambaye angeshuka kwenye boti Maparoni, si mimi wala mwingine yeyote.

"Atakufa," nikasema.

Mtu mmoja wa mbele alishika panga vizuri zaidi. Nesi alifumba macho. Saidi alikuwa ameshafungua mdomo kuwaambia watu wamenisikia wenyewe, lakini Maalim Kassim alinyanyua mkono, akaja akasimama mbele yangu, akaanza kunihoji. Sauti niliitambua. Ilikuwa ile aliyowahojia mashahidi wa mwezi.

Aliniuliza perege atakufa baada ya muda gani. Nikasema kabla ya uji kuchemka. Atakufa kwa nini? Nikasema dawa inamchoma kwenye mashavu, pale anapovutia pumzi majini. Na mtu je? Mtu havuti pumzi ndani ya maji, nikasema, lakini akinywa yakiwa makali atachomeka koo na kutapika, kwa hiyo leo hakuna atakayekunywa, tutachemsha maji ya kambini. Na kesho? Kesho jua na hewa vitakuwa vimeipunguza dawa, upesi ndooni kuliko kisimani kwenye kina na kivuli. Maji haya haya ya ndoo yaachwe wazi hapa, perege mwingine atiwe, naye ataishi. Unga wa kaa je, nao ulipungua kesho yake? Nikamwambia hilo wanalijua wao kuliko mimi. Ule haukupungua mwaka mzima, Maalim akasema, na hakuniambia mimi, aliwaambia watu wake.

Nilitia unga kwa kipimo. Tukasimama tukimtazama perege. Aliogelea, akaanza kwenda upande, akapanda juu kuhema, akageuka tumbo juu. Ndani ya nyumba ya mbele tulimsikia Bi Tatu akitapika, na Saidi akageuka kutazama mlango.

Maalim aliigusa ndoo kwa mguu.

"Huyu alitaka tukubali," akasema, "na amesema neno la kutufanya tukatae. Shahidi wa namna hii mie simrudishi. Ya huko mwezini mtabishana mkipona."

Wanaume wakasogea. Sikujua kama wamesogea kunipisha au kunizunguka, mpaka nilipoona nafasi mbele ya kisima. Saidi hakunitazama. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amembeba mama yake mikononi, akaenda naye shuleni mwenyewe, Nesi Anastazia akikimbia mbele yake.

Nilishusha kamba yangu kupima kina. Nilikuwa nahesabu mafundo kwa sauti, kama Mzee Mbonde alivyonifundisha, ili nisipoteze hesabu. Sikuwa nimetia hata kijiko kimoja kisimani niliposikia vilio kutoka shuleni.

Nesi aliniambia baadaye kwamba mishipa ilikuwa imekwisha, alihangaika mkono huu na ule, na alipoupata, maji yakaanza kuingia ndani ya mtu aliyekuwa ameshaondoka. Lakini waliokuwa dirishani hawakuona mishipa. Waliona Bi Tatu ameingia akipumua, ametiwa sindano, amekufa. Fikirini mlivyo ninyi wenyewe. Mambo mawili yakifuatana hivyo, kichwa cha mtu kinayafunga pamoja bila kuomba ruhusa. Kijiji kilitoka kisimani kwenda shuleni, na safari hii kelele zilikuwepo. Mtu mmoja alilitupa kasia la Mzee Mbonde majini. Nilikimbia nao, kwa sababu Nesi alikuwa peke yake ndani.

Nilimkuta amesimama mlangoni pa darasa, mikono amefungua, akiwakinga wagonjwa wengine. Watu walimtaka Saidi. Yeye ndiye mdomo wao, yeye ndiye angewaambia walichokiona. Angesema neno moja tu, dripu imemuua, na mimi nisingekuwa ninaandika haya, wala wale wagonjwa wasingebaki na chupa zao.

Saidi alitoka. Kanzu yake ilikuwa imelowa mbele pale alipombeba mama. Maalim Kassim alikuwa ameshafika, naye alihema kwa mbio. Alimtazama Saidi, na nadhani alitamani kumwonea huruma, lakini alimuuliza kama alivyowauliza wengine wote.

"Umeona nini, Saidi? Useme ulichokiona, usiseme unachokitaka."

Saidi aliwatazama watu wake. Alinitazama mimi, na chuki niliyoiona machoni mwake ilikuwa ya kweli.

"Nimeona mama kaja hapa hana nguvu ya kufumbua jicho," akasema. "Sindano imemkuta hivyo. Anaumwa tangu alfajiri, nesi kaja mlangoni kwangu, na mie ndiye nimemzuia."

Akakaa chini palepale mlangoni. Watu hawakusogea mbele tena. Baada ya muda mwanamke mmoja alipita katikati yao akiwa amemshika mkono mumewe aliyeanza kuyumba, akamwingiza ndani, na Nesi Anastazia akampisha.

Kisima tulikitia dawa alasiri ile, kasia likiwa limeokotwa. Likabaki jambo gumu ambalo vitabu vyenu vinaliweka kwenye mstari mmoja: maiti ya kipindupindu huoshwa kwa maji ya klorini. Ilinibidi nimwambie mtu aliyefiwa kwamba mama yake ataoshwa kwa unga uleule alioukataa asubuhi. Nilianza na ubaya wake, kwamba utanuka, na utawachoma mikono waoshaji. Saidi alinyoosha mkono, akachukua kijiko, akaniuliza vijiko vingapi, na maji ya kumwosha mama yake akayachanganya mwenyewe.

Kesho yake nilimkuta kisimani kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ile ndoo. Ndani mlikuwa na perege mpya, anazunguka taratibu. Nilichuchumaa upande wa pili. Tulimtazama muda mrefu, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya pole aliponiwahi.

"Jana ungetia kidogo," akasema, "yule samaki asingekufa. Na mama ningemleta palepale."

Nikasema ndiyo.

"Mbona hukutia kidogo?"

"Kwa sababu leo ungekuja kumtia perege wako kisimani."

Aliingiza mkono ndani ya ndoo, samaki akamkwepa.

"Ningekuja," akasema.

Kisha akanipa mkono. Tulikuwa tumekataza kijiji kizima kupeana mikono, na mimi ndiye niliyekuwa nimezunguka nyumba kwa nyumba kukataza. Niliupokea. Ulikuwa umelowa, na bado ulikuwa unanukia dawa.